Mwendo wa mchakamchaka: jibu kwa mwalimu wa Mwanga aliyeishiwa pumzi

Swali: "Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, nakaa Mwanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo walimu wenzangu hawakamatiki, na tumekubaliana mwakani mwezi wa sita twende tukakimbie mbio za kilomita 21. Sijafanya mazoezi tangu nimalize chuo. Sasa ni wiki tatu najaribu. Natoka baada ya swala ya Alfajiri kuelekea njia ya Ujiji, dakika tano tu pumzi imekata, kichomi kimenibana ubavuni, na siku hizi miguu yote miwili inaniuma mbele kwenye ugoko. Wenzangu wanasema ninywe glukosi na nijikaze, pumzi itakuja yenyewe. Mume wangu anasema wengine hatukuumbiwa mbio. Nani mkweli? Na Ramadhani ikiingia nifanyeje?"

Marahaba, mwalimu. Mumeo msamehe, na wenzako wasikilize kwa sikio moja. Pumzi unayo. Mtu anayesimama mbele ya darasa la watoto themanini na kupaza sauti tangu asubuhi mpaka mchana hawezi kuniambia hana mapafu. Ulichokosea ni mwendo. Unatoka nyumbani kwa kasi ambayo mwili wako haujaizoea, na mwili unakusimamisha baada ya dakika tano kwa sababu hauna namna nyingine ya kukuambia.

Sitakuandikia ile methali ya mwenda pole, unaifundisha kila mwaka. Nitakukumbusha kitu kingine kilichomo humohumo shuleni kwako: mchakamchaka. Watoto wanakimbia mistari miwili, kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, na vumbi linatimka. Umewahi kuona mtoto ameanguka kwa kukosa pumzi kwenye mchakamchaka? Mimi sijaona, na nimeusimamia miaka mingi. Sababu ni kwamba huwezi kuimba ukiwa unatweta. Wimbo ndio unaoshika breki. Kiongozi akizidisha kasi, kuitikia kunakufa, na yeye mwenyewe anapunguza ili wimbo urudi.

Huo ndio mwendo wako kwa miezi mitatu ijayo, na usiuongeze hata kidogo. Ukikimbia peke yako huna haja ya kuimba barabarani watu wakushangae. Ita rejista. Taja majina ya wanafunzi wako kwa sauti ya kawaida, manne au matano kwa pumzi moja. Ukiyataja bila kukatika, uko sawa. Ukifika la pili ukaanza kuhema, punguza, na ukishapunguza ukaona bado, tembea. Mwendo huo utakuwa wa polepole kiasi cha kukutia aibu. Bibi aliyebeba ndoo kichwani anaweza kuwa karibu kukupita. Mwache apite.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Msuli una njia mbili za kupata nguvu. Moja inatumia hewa ya oksijeni tunayovuta, inachoma mafuta na sukari taratibu, na inaweza kwenda saa nyingi. Ya pili inawaka haraka bila kusubiri oksijeni ya kutosha, lakini haidumu, na ukiitegemea sana unahema na miguu inakuwa mizito kama imemwagiwa zege. Kilomita 21 zinakimbiwa kwa njia ya kwanza. Sasa, ukikimbia taratibu kwa muda mrefu, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na zile sehemu za chembe hai za msuli zinazochoma chakula zinakuwa nyingi. Ukikimbia kwa kujikaza dakika tano halafu ukasimama dakika kumi umeshika kiuno, hujavipa vitu hivyo muda wa kujengeka.

Tena kuna jambo ambalo karibu kila anayeanza halijui, na ndilo lililokuumiza ugoko. Moyo na mapafu hubadilika upesi, ndani ya wiki chache tu utajisikia mwepesi. Mifupa na kano hazina haraka hiyo, zinahitaji miezi. Kwa hiyo katika wiki ya nne au ya tano mkimbiaji mpya anajisikia amekuwa farasi, anaongeza kasi na umbali, kumbe miguu bado ni ya yule yule aliyekuwa akikaa kitini. Hesabu kidogo: anayeanza hupiga hatua kama 160 kwa dakika. Nusu saa ni hatua 4,800, na kila hatua mguu unapotua unabeba uzito wa mwili mara mbili mpaka tatu. Mimi mwenyewe nikiwa chuo cha ualimu niliongeza mazoezi maradufu ndani ya mwezi mmoja kwa sababu nilijiona nina pumzi. Nikapata ufa kwenye mfupa wa ugoko, nikakaa nje miezi mitatu. Hakuna aliyenituma, ulikuwa ujinga wangu.

Basi tuanze na hiyo miguu. Kaa, pitisha kidole ukandamize ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo. Kama maumivu yametawanyika eneo refu, miguu yote miwili, na yanapungua ukipumzika, hiyo ni misuli na utando wa mfupa vimezidiwa. Dawa yake ni kuacha kukimbia wiki mbili huku ukiendelea kutembea kwa kasi dakika 30 au 40, mradi kutembea kusiume. Kama kuna sehemu moja unaweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, inauma hata usiku umelala, au ukirukaruka kwa mguu mmoja unapiga kelele, usiikimbilie kuichua kwa mafuta. Nenda hospitali, na uwaambie umeanza kukimbia karibuni, kwa sababu ufa wa namna hiyo unaweza usionekane kwenye picha ya eksirei siku za mwanzo.

Ukibonyeza na usisikie maumivu, ndipo tunaanza upya. Siku tatu kwa wiki, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Unatembea dakika tano kwanza kupasha mwili. Halafu unakimbia dakika moja, unatembea mbili, mara kumi. Basi, nenda nyumbani. Najua utaniona nakufanyia mzaha. Fanya hivyo wiki mbili, kisha kimbia mbili tembea mbili, kisha tatu kwa moja, kisha tano kwa moja, kila ngazi wiki moja au mbili kadiri miguu itakavyokuambia. Ukipanda ngazi ugoko ukalalamika, shuka ngazi moja. Nataka mwishoni mwa Desemba au Januari mwanzoni uwe unakimbia nusu saa mfululizo ukiita rejista. Umbali usiupime kabisa kipindi hicho, pima dakika.

Siku zisizo za kukimbia fanya kazi zako. Mara mbili kwa wiki simama kwenye ngazi ya mlango, nyanyuka kwa vidole vya miguu na ushuke taratibu, mara kumi na tano, raundi tatu. Inaimarisha mashavu ya miguu, na ugoko utakushukuru.

Kuhusu muda, hapa lazima nikwambie kitu ambacho ratiba zinazosambazwa kwenye simu kutoka Dar hazikijui. Jua la Kigoma linachelewa. Sisi tuko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 10, na kila nyuzi moja jua hutumia dakika 4. Saa ya ukutani ni ileile nchi nzima, lakini mwanga hutufikia dakika kama 40 baada yao. Anayekuambia "saa kumi na mbili asubuhi uwe barabarani" yeye ana mwanga, wewe unakimbia gizani pamoja na bodaboda zisizo na taa na mbwa ambao bado wana zamu. Halafu mtu anayekimbia gizani, kwa mji wetu, kabla hajaulizwa jina ameshaitiwa mwizi. Yamenikuta, na suruali ya michezo nilikuwa nimevaa.

Faida yetu iko jioni. Saa kumi na mbili na nusu Kigoma bado kweupe. Ukitoka shuleni, ukapumzika, ukaingia barabarani saa kumi na moja jioni, joto limeanza kuvunjika, unamaliza saa kumi na mbili, unaoga, na Magharibi inakukuta nyumbani. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yanayokuja uyaone usoni. Ukiweza, pata mwenzako mmoja wa mwendo wako. Wa mwendo wako, narudia.

Kwenye milima, tembea. Mwanga imekaa juu, na anayeshuka kuelekea stesheni ya reli anajua kurudi kwake kutakuwaje. Kwa miezi ya mwanzo kila mwinuko mkali ni ruhusa ya kutembea, maana mwendo unaoita rejista tambarare unakuwa mbio kamili mlimani. Na ukishuka usijiachie. Kuteremka hakukati pumzi lakini msuli wa paja unafanya kazi ya kukuzuia, na kesho yake utashuka ngazi za shule umeshika ukuta. Mteremko ukimbie kwa hatua fupi fupi. Ufukweni pia usidanganyike, mchanga laini unavuta kano ya kisigino, uache kwa sasa.

Kichomi hakina siri kubwa. Mara nyingi ni mwendo mkali au tumbo lililojaa. Kikija, punguza, toa pumzi yote nje kwa nguvu mara kadhaa, kandamiza mahali panapouma kwa vidole. Mlo mzito uwe umepita saa mbili au tatu. Wewe ukila mchana saa saba, saa kumi kula ndizi mbivu moja au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Inatosha.

Glukosi waachie wenyewe. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini ya kukutosha zaidi ya saa nzima ya mwendo wako, na wewe unakimbia nusu saa. Itakapofika mazoezi ya saa moja na nusu au mbili, hapo tutazungumza habari ya kubeba tende mfukoni. Jambo la maana zaidi ni sahani yako ya kila siku. Ugali wa muhogo ni nguvu tupu, lakini protini yake ni ndogo mno, na misuli inayojengwa inataka protini. Kwa hiyo uwe na wenzake: dagaa, migebuka, maharage. Tunaishi kando ya ziwa, hatuna kisingizio. Mawese kwenye mboga ni mazuri, ila yakizidi kwenye mlo wa kabla ya kukimbia yanakawia tumboni na utayasikia.

Damu nayo. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na anayekimbia huhitaji damu nzuri kuliko anayekaa. Ukijiona unachoka kuliko mazoezi yenyewe, moyo unadunda ukipanda ngazi, ukapauka, kapime wingi wa damu kabla hujajilaumu uvivu. Na chai usiinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kisifyonzwe. Isubiri saa moja hivi. Kamulia limau mboga badala yake, hilo husaidia. Hedhi yenyewe haikukatazi kukimbia. Siku tumbo linauma, pumzika, siku haliumi, nenda.

Maji kunywa ukisikia kiu, na uangalie mkojo: rangi ya limau iliyochujwa ni salama, rangi ya chai kavu umechelewa. Usijilazimishe kunywa madumu. Maji matupu yakizidi sana hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo ni ugonjwa. Ukiwa na homa usikimbie hata hatua moja. Hapa kwetu malaria ni jirani, nenda kapime, maliza dozi, kisha jipe siku kadhaa za kutembea kabla ya kurudi. Na ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu cha kuangusha ukiwa unakimbia, acha siku hiyohiyo na umwone daktari.

Viatu hukuuliza, lakini najua umevaa nini. Raba za mtumba si dhambi, nusu ya wakimbiaji wa nchi hii tumeanza nazo. Kazinunue jioni wakati miguu imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kandamiza soli ya kati kwa kidole: ikiwa ngumu kama ubao, sponji yake imekufa hata kama juu inang'aa. Viweke mezani uviangalie kwa nyuma, vikiinama upande mmoja virudishe, mwenye navyo ameshavikunja kwa mwendo wake. Nguo ndefu na mtandio haviharibu kitu, ila chagua kitambaa chepesi cha aina ya jezi, pamba ikilowa jasho inakuwa nzito na inachubua. Na unisamehe kulisema, mama watoto ameniagiza: tafuta sidiria ya mazoezi inayobana vizuri kabla hujatafuta viatu vya bei.

Sasa Ramadhani. Kwa mwaka 2026 inaingia katikati ya Februari, wakati ambapo, tukienda vizuri, Jumamosi zako zitakuwa zimekua. Kuanzia Januari siku ya Jumamosi tu unaiongeza dakika kumi kila wiki, 40, 50, halafu wiki moja unarudi 40 kupumzisha miguu, kisha 60. Ramadhani ikifika tunagandisha. Usiongeze chochote mwezi mzima. Kimbia dakika 20 au 30 mara mbili tatu kwa wiki, taratibu, ukipanga kumaliza dakika chache kabla ya adhana ili tende na maji vikukute mlangoni. Ukiona kiu inakutesa, hamishia baada ya tarawehe, mkiwa wawili, njia yenye taa. Mwezi mmoja wa kupunguza hauvunji msingi wa miezi minne. Baada ya Idi anza na dakika 50, kisha panda mpaka katikati ya Mei uwe umekimbia Jumamosi moja au mbili za karibu saa mbili. Wiki mbili za mwisho punguza nusu, uingie kwenye mbio na miguu iliyopumzika. Kwa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita, utamaliza kilomita 21 kwa saa mbili na dakika kama hamsini. Ni muda wa heshima kabisa kwa mtu ambaye Oktoba alikuwa hawezi dakika tano.

Masika ya huku unayajua. Mvua yenyewe haina neno, inapoza mwili. Radi ndiyo ya kuogopa. Ukisikia ngurumo rudi ndani, na siku hiyo ihesabu kama umekimbia.

Umemtaja Simbu, na nimefurahi. Watu wengi waliona zile hatua za mwisho Tokyo, Septemba 2025, akifukuzana na Mjerumani Amanal Petros, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iseme nani wa kwanza. Uwashwe na hizo hatua, sikatai. Lakini kabla ya hizo hatua alikimbia kilomita 42 akiwa ndani ya kundi, hana pupa. Na shaba yake ya London ilikuwa 2017, kwa hiyo kutoka shaba mpaka dhahabu ni miaka minane. Sisi wazee tulikua na jina jingine, Filbert Bayi, aliyeondoka mbele tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 na sekunde 32.2. Tukamwiga wote. Kila mtoto wa shule alitaka kutoka kama Bayi, na wengi wetu tuliishia mzunguko wa pili tumeinama. Bayi alikuwa amejiandaa kukimbia hivyo, na zilikuwa mita 1,500. Wewe ulikuwa ukimwiga Bayi kwenye njia ya Ujiji bila kujua.

Wenzako wa shuleni usiwakimbie. Jumamosi nenda nao, lakini kaa mkiani, na saa yako iendelee kuhesabu dakika zako za kukimbia na za kutembea hata wakikucheka. Wakikuacha, waache waende, njia ya Ujiji unaijua. Geuza zinapotimia dakika zako, rudi ukiita rejista. Na baada ya wiki sita niandikie jambo moja tu: umefika jina la ngapi kabla ya kuhema.